Mke Aliyebaki Kiwanja cha Kumi na Tisa

Ardith Haugen alipika miaka thelathini katika jiko la shule moja ya Minnesota. Alilisha watoto wa watu, wakakua, wakamletea watoto wao nao akawalisha, na siku ya kustaafu wakamshukuru kwa saa ya ukutani na keki ambayo aliioka mwenyewe. Mumewe, Verlyn, alikuwa mkaguzi wa mizani wa jimbo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na kwenye maghala ya nafaka akitafuta nani anapunja, na aliipenda kazi hiyo kuliko wengine wanavyopenda mshahara. Naye alipostaafu, jimbo lilichukua mizani yake, ukaguzi likamwachia mkewe.

Wakauza nyumba, wakanunua gari-nyumba. Na si dogo: mbele usukani na viti viwili vya kifahari, katikati jiko, meza na sofa, halafu choo, na mwisho kabisa kitanda nyuma ya pazia zito la kahawia. Ndivyo wastaafu wa kwao wanavyofanya wakichoka kuzoa theluji mlangoni. Wanajipakia kwenye magurudumu na kuaga kwamba wanakwenda kuiona nchi. Akina Haugen waliiona kweli. Kwa miaka saba waliiona yote kupitia kioo cha mbele, kwa sababu Verlyn alikuwa bado hajapata kambi ya magari-nyumba inayostahili kulalwa zaidi ya siku mbili.

Wenzake wakifika kambini hushuka, wakajinyoosha viuno, wakasema ah, hewa safi. Verlyn alishuka na mkoba wa vifaa. Kwanza alipima umeme kwenye nguzo. Halafu akapima presha ya maji. Halafu aliingia ndani, akaweka gololi sakafuni, na Ardith alitakiwa asimame palepale asitikise kitu mpaka gololi itoe hukumu. Ikitulia, Verlyn alikunja uso, maana hapo ilimlazimu kutafuta kosa lingine. Ikibingirika, uso uling'aa wote.

"Nilijua," angesema. "Nilijua tu. Wametupa mlima."

Na makosa hayakukosekana. Kambi moja ya Nebraska waliihama kwa sababu bomba la maji machafu la jirani lilipita hatua chache kutoka meza yao ya kulia, na hapo, tuseme ukweli, mzee alikuwa na haki yake. Lakini nyingine waliihama kwa sababu ndege walianza kuimba mapema mno. Nyingine kwa sababu picha za mtandaoni zilionyesha ziwa, na ziwa lilikuwepo, ila lilikuwa dogo kuliko Verlyn alivyokuwa amelipanga kichwani. Nyingine, huko Montana, kosa lake lilikuwa majirani kucheka.

"Wanacheka nini?" Verlyn aliuliza, kapenyeza jicho pembeni ya pazia la dirisha. "Watu wazima wale, wanacheka nini?"

Ardith angependa sana naye kujua walichokuwa wakicheka. Alfajiri yake walikuwa barabarani.

Mwanamke huyu hakuwa na makuu. Kambi hizi zote, ziwe za kifahari au za vumbi tupu, zina desturi moja: Jumamosi jioni watu huunganisha meza, kila mmoja akaleta sinia lake, wakala pamoja, kisha wakacheza karata. Ardith alikuwa hajawahi kuiona Jumamosi ya kambi hata moja. Verlyn aliamini kwamba Jumamosi ndiyo siku watu wanapoingia, na watu ndio wanaoharibu kambi, kwa hiyo Jumamosi alfajiri ndiyo iliyokuwa siku ya kuondoka. Miaka saba mwanamke aliyelisha shule nzima alikuwa akimpikia mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni yule anayetia chumvi kabla hajaonja. Alichokitaka Ardith ni kuweka sinia mezani, watu asiowajua wale, halafu awaone wanarudi na sahani tupu. Hicho tu. Ungedhani ameomba mwezi.

Ndipo siku ya Alhamisi wakaingia kambi ya Duck Creek, kando ya Mto Missouri, Dakota ya Kusini. Walipewa kiwanja cha kumi na tisa. Umeme ulikuwa sawa, jambo lililomsononesha Verlyn kidogo, lakini presha ya maji ilikuwa ndogo na gololi ilijivuta taratibu mpaka chini ya sofa. Akapata nguvu tena.

Asubuhi yake jirani wa kiwanja cha ishirini, Delmar Stroud kutoka Oklahoma, alikatiza uani kwao na mbwa wake. Delmar alikuwa mzee mkimya, anayeongea kidogo kuliko huyo mbwa. Sasa, kwa watu wa kambi, kukatiza kiwanja cha mwenzio bila hodi ni sawa na kupita chumbani kwake akiwa amelala. Verlyn akavaa kofia, akaenda ofisini kumshtaki mtu na mnyama wake kwa meneja, bwana Pruitt. Wakati yuko huko anashtaki, mke wa Delmar, Twyla, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo ya pili, alikuja kuomba radhi.

"Samahani dada'angu. Huyu mume wangu hutembea hivyo hivyo hata nyumbani, utadhani mgeni. Ehe, nimeona aproni yako kwenye kamba, ina jina la shule. Ulikuwa mpishi wa shule?"

"Miaka thelathini."

"Yesu na Maria! Basi Jumamosi utatuletea nini?"

Ardith hakufikiri. Jibu lilimtoka lenyewe. "Viazi vya sinia."

Na hapo akawa amejifunga. Kwao Minnesota, mtu akishatamka chakula atakachokileta, ameshakula kiapo. Unaweza kuvunja ndoa ukasamehewa na kanisa zima, lakini useme unaleta sinia halafu usitokee? Wajukuu zako watasimuliwa.

Ijumaa jioni Verlyn alitangaza safari.

"Kesho saa kumi na moja na nusu tunang'oa. Tunakwenda Wyoming."

"Verlyn, nimeahidi viazi."

"Umemwahidi nani?"

"Twyla."

"Twyla wa mbwa?"

"Twyla wa watu. Mbwa ni wa Delmar."

"Mama, maji ya hapa yanatoka kwa kubembelezwa."

"Mabafuni kwao yanatoka vizuri tu, tena ya moto. Nimeoga jana."

"Na kiwanja kimeinama. Na yule meneja, nikimlalamikia, anatabasamu. Mtu anayetabasamu ukimlalamikia ana lake jambo."

"Nisikilize basi mara moja. Mimi nataka—"

"Saa kumi na moja na nusu," Verlyn akasema, akaenda kukagua matairi.

Ardith akaingia nyuma ya pazia la kahawia, akalivuta mpaka mwisho. Hii nayo ilikuwa desturi. Siku za kuhama alinuna, akabaki kitandani nyuma ya pazia mpaka hasira zipoe, na hasira zilipoa kwenye mpaka wa jimbo au zaidi. Verlyn aliita jambo hilo kulala. Kwa miaka saba mkaguzi mzima, mtu aliyeweza kugundua gramu moja iliyoibwa kwenye gunia la ngano, hakuwahi kugundua tofauti.

Alfajiri Ardith aliamka kabla ya Verlyn, ambaye usiku wa kuamkia safari hulala sofani. Alichukua taulo, kopo la sabuni na joho lake la kuogea, akalifunga pazia nyuma yake, akashuka polepole kwenda mabafuni. Hakuwa anatoroka, msimsingizie. Alikata shauri kwamba kama Jumamosi inampita, basi angalau aoge. Ndani ya gari kuoga kulikuwa ni kulowa, kufunga bomba, kujipaka sabuni, kufungua, na kabla povu halijaondoka kwenye masikio, Verlyn yuko mlangoni ametazama geji ya tanki: "Inatosha!" Huku mabafuni maji hayakuwa na msemaji. Yalimshukia ya moto, mazito, yakamfika mifupani. Akakaa humo mpaka vidole vikajikunja. Akaimba na wimbo wa kanisani, beti zote, hata zile ambazo kanisani huwa wanaziruka.

Huku nyuma Verlyn alikuwa kazini. Alikagua matairi, taa, breki. Alichomoa waya wa umeme akauzungusha vizuri, akamwaga maji machafu, akakunja mabomba, akashusha antena, akapandisha ngazi, na zulia dogo la mlangoni akalikung'uta kabla ya kulikunja. Alihakikisha kila kitu kinachoweza kusahaulika hakijasahaulika. Akatazama pazia la kahawia, likiwa limefungwa kama kawaida. Akawasha gari, akala kona.

Ardith alirudi na taulo kichwani, moyo umelainika, karibu awe amemsamehe. Kiwanja cha kumi na tisa kilikuwa na nguzo ya umeme, bomba, na majani yaliyolala. Akasimama. Akatazama cha kumi na nane, akatazama cha ishirini, kana kwamba gari lenye urefu wa basi lingeweza kusukumwa na upepo.

Twyla alikuwa ameketi mlangoni kwake na kikombe cha kahawa. "Wee Ardith! Gari lenu liko wapi?"

"Limeondoka."

"Na Verlyn?"

"Yumo."

"Na wewe je?"

Ardith alijitazama: joho, ndala, kopo la sabuni. "Mimi inaonekana simo."

Twyla aliangua kicheko mpaka kahawa ikammwagikia magotini. Halafu akamwona mwenzake usoni, akakiweka kikombe chini. "Njoo shoga, njoo ukae. Delmar! Toa kiti! Shika simu hii umpigie, hajafika hata darajani."

Simu ya Ardith ilikuwa imeondoka na gari. Aliishika ya Twyla, namba ya mumewe anaijua kwa moyo, kidole kikaelea juu ya kioo. Kisha akairudisha.

"Simpigii."

"He! Kwa nini?"

"Nataka nione atagundua saa ngapi."

Alilisema hilo kwa wepesi, kama anayetaka kujua mvua itanyesha lini. Lakini ndani alikuwa akipiga hesabu. Akigundua darajani, itakuwa ajali tu, kisa cha kuchekesha, watakisimulia mpaka wazeeke. Asipogundua darajani? Hapo Ardith aliona afadhali anywe kahawa.

Habari ilizunguka kambi nzima kabla birika la pili halijachemka. Watu wa kambi wamekuja kupumzika, na hakuna kinachompumzisha mtu kama balaa la mwenzake. Wakaja na viti vyao vya kukunja. Wanaume wakatandaza ramani mezani kwa Twyla, wakaanza kukisia atagundua akifika mji gani.

"Atashtuka Murdo."

"Hapana, Kadoka. Atataka kahawa."

"Kwani haendi haja huyu? Choo si kiko nyuma?"

"Huenda," Ardith akawaambia. "Ila njiani hatumii chetu, hataki kujaza tanki la uchafu. Husimama kwenye vyoo vya barabarani."

Wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima. Hilo walilielewa. Tanki ni tanki. Mmoja wao, daktari wa meno mstaafu kutoka Iowa aliyeitwa Lyle, alithubutu kuweka kidole chake mbali zaidi, kwenye mji wa Wall, wenzake wakamkemea.

"Acha hizo, Lyle. Usimtukane mwenzio."

Nguo za Twyla zingewatosha akina Ardith watatu, kwa hiyo walimvika sweta la Delmar la kuvulia samaki na suruali yake iliyofungwa kwa kamba. Ardith alipojiona kwenye kioo alicheka peke yake. Kisha akakunja mikono ya sweta.

"Twyla, oveni yako inashika moto vizuri?"

"Inaunguza. Kwa nini?"

"Niliahidi viazi."

Basi kambi ikatoa. Huyu nyama ya kusaga, huyu vitunguu, yule mikebe ya supu nzito ya uyoga aliyokuwa ameihifadhi kama vita inakuja. Viazi vidogo vya kukaanga vilitoka kwenye majokofu ya magari sita. Wakabeba vyote mpaka banda la chakula, na hapo ndipo watu walipomjua Ardith. Yule mama wa sauti ndogo aliyekuwa akichungulia dirishani akatoweka. Akasimama mpishi wa shule.

"Wewe wa vitunguu! Mikono umenawa?"

"Mama, mimi nilikuwa daktari wa meno," Lyle akasema.

"Sikuuliza kazi. Nimeuliza mikono."

Lyle akaenda kunawa. Twyla alijishika mbavu. Ardith aliwapanga wote, akamtoa aliyekuwa anakoroga ovyo, akamweka Delmar kwenye kupanga viazi juu ya masinia mstari kwa mstari, na Delmar alivipanga vizuri kiasi kwamba Ardith alimpiga begani. Kwa muda mrefu hakukumbuka hata kidogo kwamba ameachwa. Tena alijikuta anaimba.

Wanaume walikuwa wakienda kuitazama ramani kila baada ya muda. Murdo ikapita. Kadoka ikapita. Wakatania. Wall ikapita, Lyle akapewa haki yake, lakini hakuitaka. Mchana ulipofika, utani ulikuwa umepungua, na watu walikuwa wakimtazama Ardith kisha wanatazama pembeni. Mwishowe Delmar, ambaye hakuna aliyemsikia akitamka sentensi nzima tangu Alhamisi, aliikunja ramani.

"Nadhani tusiangalie tena," akasema.

Saa saba ilikuwa imepita bwana Pruitt alipotoka ofisini, akaja mpaka bandani, safari hii bila lile tabasamu.

"Bibi Haugen, mumeo amepiga simu."

"Yuko wapi?"

"Sundance."

"Sundance gani?" Lyle akauliza, na alikuwa anajua vizuri sana ni gani.

"Ya Wyoming."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, na banda zima likalipuka kwa kicheko. "Ameuliza kama kuna mtu aliyemwona mke wake," Pruitt akaendelea. "Nikamwambia yupo, anapika. Akauliza, kwa jiko la nani? Kisha akalalamika kwamba alfajiri getini hapakuwa na mtu wa kumsimamisha."

"Kumsimamisha kwa kosa gani?" Twyla akafoka. "Kosa la kusahau nusu ya ndoa?"

"Na amesema Bibi Haugen asiondoke hapo alipo."

"Niondoke na nini?" Ardith akasema.

Alicheka pamoja nao. Kisha kicheko kikamkatikia katikati. Mtu amevuka jimbo zima, akaingia jimbo la pili, na hajahisi kwamba kiti kimoja hakina mtu. Ilimuuma. Kusahauliwa mtu anaweza kusahauliwa, gari ni kubwa, pazia ni zito, bahati mbaya ipo. Kilichomuuma ni kwamba tangu alfajiri mpaka mchana hakuna kilichopungua mle ndani. Alishika kitambaa, akaenda garini kwa Twyla, akafungua oveni akaichungulia muda mrefu kuliko viazi vilivyohitaji, na watu wakamwacha.

Jioni meza ziliunganishwa. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mahindi, saladi za rangi ambazo hazipatikani shambani, keki tatu, na masinia ya Ardith yakitoa moshi, viazi juu vimekuwa vya dhahabu na pembeni mchuzi unachemka. Ardith alisimama nyuma ya meza na kijiko kikubwa, akingoja. Wakala. Kisha mtu wa kwanza akainuka na sahani tupu. Halafu wa pili. Mzee mmoja wa Kansas alirudi mara tatu, mara ya mwisho akidai ni ya mkewe, na mkewe alikuwa nyuma yake kwenye mstari huo huo. Ardith alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, akainama akajifanya anakwangua sinia.

Ndipo gari likaingia.

Kiwanja cha kumi na tisa kilikuwa kimeshachukuliwa na familia ya mwisho wa wiki, pamoja na mashua yao na ndege wa plastiki wa waridi waliochomekwa kwenye nyasi. Verlyn akasimamisha gari katikati ya njia, akashuka. Macho mekundu, shati limechomoka, kofia imelala upande. Wa meza za mbali wakageuza viti vyao, kwa wema tu, wasije wakapitwa.

"Ardith. Panda gari."

"Karibu chakula, Verlyn."

"Nimeendesha tangu alfajiri."

"Najua. Tulikuwa na ramani. Kaa."

Akakaa, kwa sababu uchovu ulikuwa umemshinda. Twyla alimwekea sahani kwa kishindo. Verlyn alikula mafunda mawili matatu bila kuinua kichwa, na Ardith akaketi mbele yake, ndani ya sweta la mume wa mtu mwingine.

"Ulijuaje kama simo?"

"Tule kwanza."

"Wewe kula. Mimi nimekula. Ulijuaje?"

Verlyn akaweka uma chini. "Nilikuwa nakueleza habari ya yule meneja," akasema. "Na presha ya maji. Halafu nikakueleza ile barabara jinsi wanavyoiziba viraka. Nilikueleza mengi, Ardith, kutoka hapa mpaka milimani. Hukunibishia hata moja."

"Ukajua nimelala."

"Nilijua umekubali."

Twyla alifungua mdomo, Delmar akamkanyaga mguu.

"Halafu?" Ardith akauliza.

"Halafu saa sita ikafika. Nikanyoosha mkono nyuma nipokee sandwichi yangu."

"Ehe."

"Haikuja."

Hata mzee wa Kansas aliacha kutafuna. Ardith alimtazama mumewe, akamwona alivyo, amechoka, ameaibika mbele ya watu aliowakimbia miaka yote, na alimhurumia, na bado ilimuuma vilevile.

"Kwa hiyo ungekuwa umeshiba, Verlyn, ungefika Bahari ya Pasifiki."

Verlyn alifikiri. Alikuwa na visa vingi, lakini maishani mwake hakuwahi kudanganya kipimo.

"Pengine," akasema polepole. "Pengine ningefika."

Ardith akaitikia kwa kichwa. Akachukua kitambaa, akafuta meza mbele yake ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi sipandi gari."

"Leo?"

"Leo wala kesho. Nakaa hapa mpaka nipachoke. Usiniulize ni siku ngapi, sijui huwa inachukua muda gani, sijawahi kujaribu."

"Na mimi je?"

"Kiwanja anacho bwana Pruitt. Muulize."

Pruitt akajikohoza. Tabasamu lilikuwa limemrudia, hakuweza kulizuia. "Kimebaki kimoja, bwana Haugen. Kiko kule mwisho, ubavuni mwa reli. Kimeinama kidogo. Na kinapakana na shimo la kumwagia maji machafu." Akafikiri, akaongeza kwa uaminifu, "Si kidogo. Kimeinama."

Watu wakashika viti. Verlyn alifungua mdomo. Kila mtu aliyaona maneno yamefika yamepanga mstari nyuma ya meno. Akamtazama Ardith, akaufunga.

"Nitakichukua," akasema.

Akaondoka kwenda kulisogeza gari. Baada ya kitambo Delmar aliinuka bila neno, akamfuata, na kutoka bandani watu waliwaona wawili hao kule mwisho, mmoja akirudisha gari nyuma, mwingine akipunga mikono. Ilichukua muda. Waliporudi, masinia yalikuwa yameoshwa, na mezani kwa Ardith karata zilikuwa zimeshagawiwa: Twyla, Lyle, mzee wa Kansas, na Ardith amekunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

Verlyn alisimama nyuma ya kiti kitupu, kofia mkononi. "Pana nafasi hapa?"

Ardith alitazama karata zake kwanza, ndipo akamtazama yeye. "Ipo. Lakini meza hii watu wanaongea kwa zamu."

Verlyn akavuta kiti, akakaa. Zamu ilikuwa ya Ardith, naye alikuwa na maneno ya miaka saba.